Manatii aliyefikisha miaka 69: kufugwa kunamwongezea umri, au tunadanganyana?

#1 Baharia Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Jana kijiweni kwetu hapa Tanga kahawa ilipoa vikombeni kwa sababu ya mnyama ambaye karibu wote pale hawajawahi kumwona. Kijana mmoja alikuwa na klipu kwenye simu. Mnyama wa kijivu, mnene kama gunia la mkaa lililolowa mvua, anakula majani ya letusi kutoka mkononi mwa mtu. Chini wameandika kwamba aliishi miaka 69. Mzee mwenzangu akadakia palepale: "Si mnaona? Cha kufungwa ndicho kinachodumu. Kasuku wa ndani, paka wa ndani, na huyu vilevile." Nikambishia. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi na sikumshinda, ndiyo maana nimekuja huku.

Nilimbishia kwa sababu huyo wa kwenye klipu namfahamu. Katikati ya miaka ya 1990 meli yetu ilitia nanga Port Manatee, kule Florida, na Jumapili mtu wa misheni ya mabaharia akatupakia kwenye basi dogo akatupeleka makumbusho ya mji wa Bradenton. Mle ndani kuna bwawa, na bwawani yumo bwana mkubwa, jina lake Snooty. Wakati ule alikuwa na miaka arobaini na kitu, na alikuwa peke yake. Alijipandisha ukingoni kwa vile vikono vyake, akatutazama mmoja mmoja kama afisa uhamiaji.

Alizaliwa Miami tarehe 21 Julai 1948, kifungoni, mama yake akiitwa Lady. Mwaka 1949 akahamishiwa Bradenton na hakutoka tena. Mwaka 1993 walimjengea bwawa kubwa zaidi, ndilo nililolikuta mimi. Mwaka 1998 ndipo walipoanza kumletea wenzake, manatii wagonjwa waliookolewa wapumzike pale kabla ya kurudishwa majini. Kabla ya hapo aliishi karibu miaka hamsini bila kumwona mnyama wa aina yake. Alikufa tarehe 23 Julai 2017, siku mbili baada ya kutimiza 69, na kitabu cha rekodi cha Guinness kilikuwa kimeshamwandika kuwa ndiye manatii mzee kuliko wote waliofugwa.

Sasa naomba kujua: hiyo 69 ndiyo umri wa manatii wa kufugwa? Na aliye huru anaishi miaka mingapi? Waliosomea wanyama karibuni, na wasiosomea pia.

#2 Kobe Mlevi

Mzee wangu shikamoo. Mimi manati ninayoijua ni ile ya mpira wa tyubu, ya kupigia tetere. Hiyo haifiki hata miaka miwili, mama akiikuta inaingia jikoni kuwashia moto siku hiyohiyo.

Nimeweka mkeka hapa. Leteni madini.

#3 Binti Songosongo

Baharia, shikamoo. Kabla ya miaka tumtambue mnyama, maana naona watu watamchanganya na nguva wetu.

Manatii na nguva wa pwani yetu ni ndugu, kama ng'ombe na nyati. Wote wanakula majani chini ya maji, wote wananyonyesha, wote inabidi waje juu kuvuta pumzi. Lakini nguva wa huku, anayeonekana Lamu, Mafia, delta ya Rufiji mpaka Msumbiji, mkia wake umegawanyika kama wa pomboo, na anaishi baharini tu. Manatii mkia wake ni duara, mfano wa pawa la kupakulia ubwabwa, na anapanda mpaka mitoni kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Manatii wako wa aina tatu: wa Karibiani na Florida, wa mto Amazon, na wa Afrika Magharibi. Kwetu Bahari ya Hindi hayupo hata mmoja.

Ndugu yao mwingine wa mbali ni tembo. Hilo litakuwa na kazi mbele ya safari tukifika kwenye meno.

Kuhusu umri: manatii wa Florida aliye huru anaweza kufikisha miaka 60 hivi. Mzee kuliko wote aliyewahi kupimwa baada ya kufa alikutwa na miaka 59. Kwa hiyo wa kwenye bwawa 69, wa mtoni 59. Tofauti ipo, lakini si ile anayoifikiria mzee wa kijiweni.

#4 Dogo wa Ilala

Samahani dada, lakini 69 si ni kubwa kuliko 59? Tofauti ya miaka kumi mnaiona ndogo? Wa bwawani hagongwi na boti, hapati njaa, akikohoa tu daktari kaja. Mimi nipeni hilo bwawa hata leo, na letusi nitakula.

Mzee wa kijiweni kashinda. Fungeni uzi.

#5 Daktari wa Ng'ombe

Usifunge uzi dogo, kaa hapa.

Unachofanya ni kumchukua mtu mmoja aliyevuka miaka 110 kijijini kwenu, halafu unasema "kijiji chetu watu wanaishi miaka 110". Snooty ni rekodi. Ni mmoja. Hata yule wa 59 naye ni rekodi, ila yake imepatikana kwa njia tofauti: ni mzoga uliookotwa ukapimwa. Yule wa bwawani alikuwa na tarehe ya kuzaliwa na keki kila mwaka. Aliye mtoni anaweza kufa na miaka 65 akaliwa na kaa, hakuna atakayejua. Kwa hiyo kulinganisha 69 na 59 ni kulinganisha daftari lililotunzwa na daftari lililolowa.

Kingine: huo mwili haukufundishwa na bwawa kuishi miaka 60, ulizaliwa hivyo. Manatii ni mnyama wa mwendo wa polepole kuanzia ndani. Tumbo linachukua siku nyingi kusaga chakula, moto wa mwili ni mdogo, jike linabeba mimba miezi 12 hadi 13, linazaa mtoto mmoja, kisha linapumzika miaka miwili mpaka mitano. Mtoto anafuatana na mama mwaka mmoja au miwili. Mnyama anayezaa hivyo asipoishi muda mrefu, ukoo unakatika. Sungura anaweza kumudu kufa mapema. Huyu hawezi.

Wanaomchunguza kule Florida hawaulizi sana "anaishi miaka mingapi". Wanauliza: kati ya wakubwa 100 walio hai leo, mwaka ujao watakuwepo wangapi? Sehemu nyingi za Florida jibu, ukiondoa miaka ya balaa, ni kama 96 au 97. Sasa chukua simu upige hesabu. Kwa 97, ukianza na wakubwa 100, baada ya miaka 30 wanabaki 40. Kwa 96, wanabaki 29. Shusha mpaka 90, yaani waongeze wafu saba tu kwa kila mia kwa mwaka: baada ya miaka 30 wanabaki wanne. Wanne! Mwili uleule, mnyama yuleyule, na uwezo wake wa kufika 60 haujaguswa.

Kwa hiyo mimi nikisikia "manatii anaishi miaka 60" nasikia sawa na "gari hili linakimbia 220". Sawa, linakimbia. Kwa barabara ipi?

#6 Kobe Mlevi

Daktari umenipigia hesabu saa tatu usiku, sijala. Ila hiyo ya 90 kubaki wanne nimeipiga mwenyewe kwa simu, kweli wanabaki wanne. Nimekosa raha.

#7 Mbongo wa Tampa

Niko Florida mwaka wa kumi na moja, naomba nichangie kuhusu hiyo barabara.

Mwaka wangu wa pili rafiki alinipeleka Blue Spring, chemchemi inayoingia kwenye mto St. Johns. Ilikuwa Januari, nimevaa koti mbili. Maji ya chemchemi yanatoka ardhini kwenye nyuzi 22 hivi mwaka mzima, na mto ukipoa manatii wote wanakimbilia pale. Unasimama kwenye daraja la mbao unatazama chini, maji ni meupe kama kioo, wamelala mamia, wamejipanga kama magunia bohari. Nilidhani nitafurahi. Kilichonishika ni migongo yao. Kila mgongo una makovu, mistari sambamba, mitano, sita, saba, kama mtu aliyekatakata mkate na hakumaliza. Ni panga za mashine za boti. Kule wanawatambua kwa makovu hayo, kila mmoja ana faili la picha. Yaani kitambulisho chake cha taifa ni ajali yake.

Florida ina boti karibu milioni moja zilizosajiliwa. Katika mwaka wa kawaida boti zinachukua kati ya mmoja wa tano na mmoja wa nne wa wote wanaokufa. Na si panga tu. Wengi hufa kwa kishindo cha mkuku wa boti, mbavu zinavunjika kwa ndani na nje huoni kitu.

Halafu baridi. Watu wanaona mwili mnene wanadhani ana mafuta kama nyangumi, hana. Maji yakikaa chini ya nyuzi 20 kwa muda, ngozi inaanza kuvimba vidonda, anaacha kula, anakwisha. Wanaoondoka zaidi ni vijana ambao ndio kwanza wameachana na mama na hawajui pa kukimbilia. Mwaka 2010 ulipokuja ubaridi wa ajabu walikufa zaidi ya 700 katika jimbo zima. Na kuna mwani mdogo wa sumu unaobadilisha rangi ya bahari upande wa magharibi, wakiula na majani au wakiuvuta hewani wanapooza na kuzama.

Lakini mwaka 2021 ndio nilishuhudia maneno. Walikufa 1,100 ndani ya mwaka, na jimbo zima wanakadiriwa kuwa kati ya 8,000 na 12,000 hivi. Wengi wa mashariki walikufa njaa. Mbolea za bustani na maji ya makaro ya vyoo kwa miaka mingi yameingia kwenye lile bwawa refu la bahari wanaloliita Indian River Lagoon, mwani ukachanua, jua halifiki chini, nyasi za baharini zikafa. Manatii mzima anataka majani mpaka kilo 30 au 40 kwa siku. Serikali ikaona aibu ikaanza kuwatupia letusi karibu na mtambo wa umeme wanakokwenda kuota maji ya moto. Majira ya kwanza ya baridi zilitupwa zaidi ya tani 90.

Dogo wa Ilala, hiyo ndiyo letusi unayoitaka.

#8 Dogo wa Ilala

Kaka mbona sasa unanisaidia mimi? Umetaja boti, baridi, sumu, njaa. Bwawani hakuna hata kimoja. Nilichosema ni hichohicho.

#9 Mbongo wa Tampa

Nakubali nusu. Ngoja nikuongezee nusu ya pili.

Pale Blue Spring kuna wazee wawili maarufu, Merlin na Brutus. Walitambuliwa mara ya kwanza majira ya baridi ya 1970 kwenda 1971, na zaidi ya miaka 40 baadaye walikuwa bado wanarudi, na makovu yao. Hakuna aliyewafungia, hakuna aliyewapa karoti. Kwa hiyo aliye huru akibahatika, anafika.

Na Snooty unajua alikufaje? Baharia hakusema. Siku moja kabla walimfanyia sherehe kubwa ya kuzaliwa, watu foleni, keki ya matunda. Kesho yake asubuhi akakutwa amekufa maji. Manatii, amekufa maji. Kulikuwa na mlango mdogo chini ya bwawa unaofunika chumba cha mabomba, ulikuwa umelegea, ukafunguka. Wenzake watatu vijana waliokuwa naye waliweza kuingia na kutoka. Yeye kwa ukubwa wake aliingia hakuweza kugeuka, na manatii akishapitisha dakika ishirini bila kuja juu, basi. Kwa hiyo hatujui hata yeye angefika wapi. Hakufa kwa uzee.

#10 Baharia Mstaafu

Hilo nilikuwa nalijua, nikashindwa kuliandika.

#11 Mwalimu Mkaidi

Mimi ni Tomaso. Mnasema "alikutwa na miaka 59". Nani alikuwepo anazaliwa? Mbuzi tunatazama meno. Manatii mnamwangalia nini, cheti?

#12 Binti Songosongo

Swali zuri mwalimu, na jibu lake nalipenda kuliko mambo yote ya mnyama huyu.

Kwa meno haiwezekani. Tembo ana magego seti sita za maisha. Seti ya sita ikiisha, kwenye miaka ya sitini hivi, hawezi tena kutafuna na anakufa na njaa akiwa katikati ya majani. Manatii, ndugu yake, alipewa dawa ya tatizo hilo: magego yake hayaishi. Yanaota nyuma ya taya, yanasogea mbele polepole kama watu kwenye foleni ya benki, la mbele likisagika linadondoka, la nyuma linachukua nafasi. Maisha yote. Kwa hiyo jino la manatii mzee lina umri wa miaka michache tu. Ukimpima kwa meno, babu anaonekana mtoto.

Kinachobaki ni mfupa wa sikio. Ule mfupa wa ndani ni mgumu kama jiwe na unaongezeka tabaka moja kila mwaka. Baada ya mnyama kufa unakatwa vipande vyembamba, unatiwa rangi, unawekwa kwenye hadubini, na pete zinahesabiwa kama za mti. Na wamehakikisha kwa wanyama ambao umri wao ulikuwa unajulikana. Tatizo ni kwa wazee: mfupa unajijenga upya na kula pete zake za zamani, kwa hiyo hesabu inatoka pungufu. Ndiyo maana mimi ile 59 naisoma "si chini ya 59".

Nguva wetu yeye anapimwa kwa pembe. Ana pembe mbili fupi za juu, kama za tembo zilizokataa kukua, na tabaka za kila mwaka zimo humo ndani. Mzee kuliko wote aliyehesabiwa kwa njia hiyo alikuwa na miaka 73. Huyo alikuwa huru, hakuwa bwawani. Haya dogo, 73 na 69 ipi kubwa?

#13 Dogo wa Ilala

Dada umenitoa kwa mnyama mwingine kabisa, hiyo ni ofsaidi. Lakini sawa, nimenyamaza.

#14 Mtu wa Kivu

Salamu kwenu nyote. Miye niko Bukavu, lakini nilitumika Boma miaka mine, kule chini kabisa Mto Kongo unapoingia baharini. Kule wanamwita lamanteni, ni kwa Kifaransa. Ni yule wa Afrika Magharibi ambaye dada amemtaja.

Wako kwenye mikoko kati ya Boma na Muanda. Kuna mbuga ya serikali pale, Mbuga ya Mikoko, iliundwa 1992, na lamanteni ni mmoja wa sababu zake. Miaka mine sikumwona hata mara moja akiwa mzima. Ni mnyama wa usiku, akisikia kasia anashuka kama jiwe. Nilichoona ni nyama, sokoni, imefunikwa na majani, na mwuzaji anaongea kwa sauti ya chini. Inakatazwa lakini inauzwa. Wavuvi pia wanamchukia sababu anakula samaki kutoka nyavuni, na ni kweli, wa huku Afrika anakula samaki na konokono wa maji, si majani tu.

Kwa hiyo miye mukiuliza anaishi miaka ngapi nataka kucheka. Ule wa Florida ana faili na picha. Wa kwetu hata idadi yake hakuna aliyehesabu vizuri, kutoka Mauritania mpaka Angola.

#15 Kobe Mlevi

Bwana Kivu, "ulitumika" na nani huko Boma? Au ndiyo Kiswahili cha huko?

#16 Mtu wa Kivu

Kutumika ni kufanya kazi! Nyinyi wa Dar munapenda kucheka watu. 😂

#17 Nyumba ya Mchanga

Niko Abu Dhabi, naomba niwarudishe kwa nguva, kwa sababu huku ndiko waliko. Ghuba hii inashika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa nguva, baada ya Australia. Maji ya Abu Dhabi peke yake wanakadiriwa 3,000 hivi. Wenyeji wanamwita arusi wa bahari, na kwa Mswahili neno hilo halihitaji tafsiri.

Ninachotaka kusema ni cha kufugwa. Manatii anafugika: anakula letusi, kabichi, karoti, anakubali maji matamu na maji chumvi, na mwenyewe ni mpole. Manatii dume mmoja, Romeo, alikamatwa miaka ya 1950 na bado alikuwa hai Desemba 2023 walipomhamisha yeye na mwenzake Juliet kutoka Miami kwenda Tampa, akiwa na miaka 67 hivi. Nguva hafugiki kirahisi. Anataka nyasi za baharini tu, na nyasi hizo huzilimi bustanini. Wengi waliojaribiwa walikufa mapema. Mwenye bahati ni jike moja la Japani, Serena, kwenye hifadhi ya samaki ya Toba. Alipatikana Ufilipino akiwa mtoto, akaletwa Toba mwaka 1987, na amekaa kuliko nguva yeyote mwingine aliyefugwa. Toba hiyohiyo wanafuga na manatii wa Afrika, wale wa Mtu wa Kivu.

Kwa hiyo hata hilo swali la "kufugwa kunaongeza umri" lina majibu mawili kwa ndugu wawili. Mmoja bwawa linamfaa tumbo, mwingine linamuua.

#18 Daktari wa Ng'ombe

Hapo ndipo kwenye nyama ya uzi. Na niongeze: hata kwa manatii, usichukue wote walio kwenye mabwawa ukapiga wastani. Marekani siku hizi hawakamati manatii wa kuonyesha watu. Aliye bwawani aliletwa kwa sababu amekatwa na boti, amepigwa na baridi, au ni yatima, na lengo ni apone arudi. Wengine wanafika wakiwa tayari wanakufa. Wastani wa umri wa hospitali haukuambii kama hospitali inaua. Waliobaki maisha yao yote, kina Snooty na Romeo, ni wa zama zile za kabla ya sheria, na walibaki kwa sababu mnyama aliyelelewa mkononi miaka yote hajui chemchemi iko wapi baridi ikija. Njia ile mtoto anafundishwa na mama yake.

#19 Mwalimu Mkaidi

Hiyo ya kufundishwa njia na mama ndiyo imenishika. Kwa hiyo Snooty angetolewa na miaka 40 angekufa majira ya baridi ya kwanza?

#20 Daktari wa Ng'ombe

Labda ya kwanza, labda ya pili. Walioachiwa baada ya kufugwa muda mrefu hufungwa kidude cha mawasiliano mkiani, na watu wanawafuata miezi mingi kwa boti kuona kama wamekijua kilipo chakula na maji ya moto. Wengine wanaokotwa tena wamekonda.

#21 Mjukuu wa Somanga

Habari. Nimekuwa nikimsomea babu uzi huu tangu jana. Yeye ni mvuvi wa zamani wa Somanga, Kilwa, hana simu ya hivi. Amesema niandike.

Anasema: "Waambie nguva hapa walikuwepo. Nikiwa kijana tulikuwa tukimwona kwenye majani, mama na mtoto, maji yakiwa yamejaa. Hatukuwa tunamtafuta. Alikuwa anaingia kwenye jarife letu la papa usiku, na jarife likishamshika hawezi kupanda kuvuta pumzi. Asubuhi tunavuta, ni mzito, tunadhani papa, kumbe ni yeye, ameshakufa. Tunamchinja hivyo hivyo? Hapana, ameshakuwa mfu, kwa hiyo wengine walikula na wengine walikataa, mashehe walibishana. Nyama yake kama ya ng'ombe. Mara ya mwisho mimi kuvuta nguva ni kabla mama yako hajaolewa."

Mama aliolewa 1989.

#22 Binti Songosongo

Mjukuu, mpe babu shikamoo yangu kubwa. Alichokisema kuhusu jarife ndicho kilichowamaliza pwani nzima. Hesabu ile ya Daktari, ya 97 kushuka, jarife linaifanya kimyakimya. Mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliwekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, wakubwa wanaokadiriwa hawafiki 250, na wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa ni mmojammoja.

Naomba umuulize kitu kimoja. Wale waliowavuta, pembe walizifanyia nini?

#23 Mjukuu wa Somanga

Amecheka. Anasema moja ipo hapa ndani. Ni mpini wa kisu chake cha kuparia samaki. Nimeushika muda huu, urefu kama kidole changu cha kati, wa njano, unang'aa.

#24 Binti Songosongo

Subhanallah. Basi huyo alikuwa dume mzima, kwa sababu majike pembe zao kwa kawaida hazitokezi nje ya fizi. Na umri wake umo humo mkononi mwako. Ncha itakuwa imesagika kwa kuchimba majani, na fundi naye ameparua, kwa hiyo miaka ya utotoni imepotea. Lakini iliyobaki inahesabika, tungejua hakuwa chini ya miaka mingapi alipoingia kwenye jarife la babu.

Shida ni moja. Kuhesabu lazima ikatwe katikati kwa urefu, na mpini utaharibika. Siwezi kumwomba mzee kitu kama hicho. Ila asiuuze tu, na asiutupe.

#25 Baharia Mstaafu

Mjukuu, usilale kabla hujamuuliza.

#26 Mjukuu wa Somanga

Nimemuuliza. Amekaa kimya kidogo, akaniuliza huyo binti atakuja na basi la siku gani, na kama anakula dagaa. Kuhusu mpini anasema akate, atachonga mwingine wa mpingo.